Kichomi kwa watoto: sindano tatu, kadi moja na wajibu wetu

Mada iliyotolewa na kamati ya afya katika semina ya kamati za parokia iliyofanyika Majengo, Dodoma



 Tuliombwa tuzungumze juu ya afya ya watoto, na muda tuliopewa si mrefu. Kwa sababu hiyo tumeona tusipite juu ya magonjwa kumi kwa haraka, bali tuchukue moja na kulieleza mpaka lieleweke. Tumechagua kichomi, ambacho hospitalini huitwa nimonia, na hasa kile kimelea ambacho kwa miaka mingi kimeongoza kwa kuua watoto kwa ugonjwa huu. Jina lake la kitaalamu ni nimokokasi. Tutaeleza ni kitu gani, mwili wa mtoto unapambana nacho vipi, chanjo inausaidiaje mwili huo, na mwisho tutasema bila kuficha mahali ambapo sisi wenyewe tumelegea.

Tuanze na kisa cha mtaani kwetu.

Kisa cha mtoto wa miezi saba

Ilikuwa wakati wa kipupwe, msimu ule ambao upepo wa Dodoma huvuma usiku kucha na vumbi huingia hadi ndani ya mtungi wa maji. Mtoto mmoja wa miezi saba alianza kukohoa. Jirani akamwambia mama yake kuwa hicho ni kimeo, na mtoto akapelekwa kwa mkata kimeo. Siku ya tatu mtoto alikataa kunyonya. Alipumua kama aliyekimbizwa, na kila alipovuta hewa sehemu ya chini ya kifua ilibonyea ndani. Bibi yake hakungoja ushauri zaidi. Alimfunga kwenye kanga, akapanda bodaboda mpaka hospitali. Mtoto aliwekewa oksijeni, akapewa dawa kwa njia ya sindano, na baada ya siku kadhaa akarudi nyumbani. Tunamshukuru Mungu kwa hilo, maana si wote wanaorudi.

Muuguzi alipofungua kadi ya kliniki aliona mtoto amepata sindano ya kwanza tu ya chanjo ya nimonia, ile ya wiki ya 6. Ya pili na ya tatu hazikuandikwa. Mama alieleza kuwa wiki hizo alikuwa shambani kwa ajili ya palizi, na aliporudi mjini aliona aibu kwenda kliniki kwa kuchelewa. Aliogopa kugombezwa mbele ya wenzake.

Sasa hapa ndipo panapotuuma. Tangu mama huyo arudi kutoka shambani, sisi wajumbe tulipita nyumbani kwake mara mbili kukusanya mchango wa ujenzi. Tulikaribishwa vizuri, tukapewa vigoda, tukampakata mtoto huyo huyo, tukaandika jina la baba yake kwenye daftari la michango. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kadi ya mtoto iko wapi.

Hatuwezi kusema kwa uhakika kwamba sindano mbili zile zingemkinga asiugue, kwa sababu kichomi huletwa na vimelea vingi na chanjo hii inalenga kimoja. Lakini tunajua kwamba mlango uliokuwa ufungwe uliachwa wazi, na sisi tulipita mbele ya mlango huo mara mbili.

Kimelea chenyewe

Kichomi ni uambukizo ndani ya mapafu. Mapafu yana vifuko vidogo sana vya hewa, na kazi yake ni kupitisha hewa safi kwenda kwenye damu. Vifuko hivyo vikijaa majimaji na usaha, hewa haipiti. Ndiyo maana mtoto hupumua haraka haraka: anatafuta kwa wingi wa pumzi kile anachokosa katika kila pumzi.

Baadhi ya vichomi huletwa na virusi, vikiwemo vya mafua, na vingine huletwa na bakteria. Kati ya bakteria hao nimokokasi ndiye aliyekuwa mkubwa wao kabla ya chanjo kuenea. Alitambuliwa mwaka 1881 na wataalamu wawili ambao kila mmoja alifanya kazi peke yake: Louis Pasteur huko Ufaransa na George Sternberg huko Marekani. Chini ya hadubini huonekana kama punje mbili mbili zilizoshikana.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kimelea hiki hukaa puani na kooni mwa mtoto mzima kabisa, bila kumdhuru. Utafiti uliofanyika kwa watoto wenye afya wa chini ya miaka mitano jijini Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2012, kabla ya chanjo hii kuanza kutolewa nchini, ulikuta kimelea hiki puani mwa zaidi ya mtoto mmoja kati ya kila watatu. Kwa hiyo mtoto anayecheza barazani leo bila dalili yoyote anaweza kukipeleka kwa mwenzake kwa kukohoa au kupiga chafya. Tukumbuke nyumba zetu za kupanga hapa Majengo, ambapo familia nzima hulala chumba kimoja, na usiku wa baridi dirisha hufungwa na jiko la mkaa huingizwa ndani.

Kimelea hungoja nafasi. Mtoto akipata mafua makali au surua, akidhoofika kwa utapiamlo, au akivuta moshi wa kuni na mkaa kila siku, ulinzi wa njia ya hewa hupungua, na kile kilichokuwa kimya puani hushuka mapafuni. Kikienda sikioni, huleta maumivu na usaha. Kikiingia kwenye damu, huweza kufika mpaka kwenye utando unaofunika ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo. Hapo mtoto huweza kushtuka na kukakamaa, na nyumbani tukasema ni degedege, tukamfukiza kwa dawa za moshi huku saa zikipita. Wapo watoto waliopona ugonjwa huo lakini wakabaki viziwi au wenye kifafa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 nimonia za aina zote ziliua watoto zaidi ya 740,000 wa chini ya miaka mitano duniani. Walio hatarini zaidi kwa nimokokasi ni watoto wa chini ya miaka miwili, wazee, watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na wenye ugonjwa wa sikoseli.

Mwili unavyopambana, na pale unaposhindwa

Mwili wetu una askari wake. Kati yao ni chembechembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kumkamata mdudu na kummeza. Lakini nimokokasi amevaa ganda la sukari, laini na lenye kuteleza. Kila aliyewahi kununua kambale wa Mtera akiwa bado mzima anajua shida hiyo: unamshika, anaponyoka. Mama zetu wanajua dawa yake, nayo ni kupaka majivu mkononi. Ukishika kwa majivu, kambale hatoki.

Majivu ya mwili ni kingamwili. Hizi ni chembe ndogo ambazo mwili hutengeneza kwa ajili ya adui mmoja maalumu. Hujibandika juu ya lile ganda la sukari, na zikishajibandika, chembechembe nyeupe hupata mahali pa kushika. Kimelea humezwa na kuuawa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kwenye bandama, na hii ndiyo sababu mojawapo ya wagonjwa wa sikoseli kuwa hatarini: bandama yao huharibika mapema.

Basi swali ni hili: kwa nini mtu mzima huweza kutengeneza kingamwili hizo na mtoto mchanga hawezi? Mtoto huzaliwa na akiba aliyopewa na mama yake tumboni, na akiba hiyo hupungua miezi inavyokwenda. Baada ya hapo inambidi ajitengenezee. Lakini mwili wa mtoto wa chini ya miaka miwili haujapevuka kiasi cha kulitambua ganda la sukari peke yake kuwa ni adui. Unaliona linapita na hauliandiki popote.

Tulinganishe na balozi wa nyumba kumi. Mgeni asiyejulikana akipita njiani, balozi anaweza asimtilie maanani. Lakini mgeni huyo akipita ameongozana na mtu ambaye balozi anamfuatilia siku zote, atauliza: huyu ni nani, ametoka wapi? Atamwandika kwenye daftari, na siku akirudi peke yake atatambulika mara moja.

Chanjo ya watoto imetengenezwa kwa njia hiyo hiyo. Wataalamu huchukua kipande cha ganda la sukari na kukiunganisha na protini ambayo mwili wa mtoto una uwezo wa kuitambua vizuri. Protini hiyo inafanana na sumu ya ugonjwa wa dondakoo lakini imeondolewa makali yake. Mwili unapoishughulikia ile protini unalazimika kuishughulikia na sukari iliyofungwa nayo. Kingamwili hutengenezwa, na baadhi ya chembechembe hubaki zikiwa ndilo daftari la kumbukumbu. Kimelea cha kweli kikija baadaye, hakimkuti balozi amelala.

Ndani ya chanjo hii hamna kimelea kizima, wala hai wala kilichokufa. Kwa hiyo haiwezi kumletea mtoto kichomi. Mtoto anaweza kupata homa kidogo au paja kuuma kwa siku moja au mbili, na hiyo ni dalili kwamba mwili unafanya kazi.

Kwa nini sindano tatu? Kwa sababu somo la kwanza kwa mtoto wa wiki sita huacha kumbukumbu hafifu. La pili hulikumbusha, na la tatu hulikaza. Kwa ratiba yetu ya Tanzania chanjo hii hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Mtoto aliyepata moja si sawa na ambaye hakupata kabisa, lakini hajamaliza darasa.

Safari ndefu ya chanjo hii

Bara letu limo katika historia hii tangu mwanzo. Mwaka 1911 daktari Mwingereza Almroth Wright alijaribu chanjo dhidi ya kimelea hiki kwa wachimbaji wa dhahabu huko Afrika Kusini. Hao walikuwa vijana waliotoka mbali na kulazwa kwa kubanana katika mabweni ya migodi, na kichomi kiliwaua kwa wingi. Matokeo hayakuwa kama alivyotumaini. Miaka ya 1970 wachimbaji wa migodi hiyo hiyo walishiriki tena katika majaribio ya chanjo ya ganda la sukari, na safari hii ilifaulu kwa watu wazima. Ilipewa kibali Marekani mwaka 1977. Lakini kwa sababu tuliyoieleza, watoto wadogo haikuwafaa.

Wazo la kuunganisha sukari na protini halikuwa geni. Oswald Avery na mwenzake Walther Goebel walionyesha huko New York, mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwamba inawezekana. Hata hivyo ilichukua takriban miaka 70 mpaka chanjo ya watoto ya namna hiyo ikapewa kibali Marekani, mwaka 2000, ikiwa na aina saba za kimelea hiki. Zinajulikana zaidi ya aina 100, kila moja na ganda lake, na zilizochaguliwa ni zile zilizokuwa zikiwadhuru watoto zaidi.

Watoto wa nchi tajiri walianza kuipata mwaka huo wa 2000. Watoto wetu walingoja, na sababu kubwa ilikuwa bei. Mwaka 2009 nchi za Italia, Uingereza, Kanada, Urusi na Norway, pamoja na mfuko wa Bill na Melinda Gates, zilianzisha mpango wa dola bilioni 1.5 wa kuwahakikishia watengenezaji kwamba chanjo itanunuliwa, ili nao wakubali kuiuza kwa bei nafuu katika nchi maskini kupitia Gavi. Jirani zetu wa Kenya walianza mwaka 2011. Hapa Tanzania chanjo yenye aina 13 ilizinduliwa Dar es Salaam mwezi Desemba 2012 pamoja na chanjo ya kuzuia kuhara kwa virusi vya rota, na mwaka 2013 ikaanza kutolewa katika kliniki zetu bila malipo. Serikali yetu nayo huchangia gharama zake.

Tunaeleza haya ili mama anapolala na mtoto ambaye paja linamuuma, ajue kuwa kile alichopewa bure kiliwagharimu watu wengi miaka mingi. Kukiacha nusu ni kama kulima, kupanda na kupalilia mtama, halafu kuwaachia ndege.

Tulichojifunza kutoka Kilifi

Huenda mtu akauliza: tuna uhakika gani kwamba inafanya kazi kwa watoto wa huku kwetu, na si kwa Wazungu tu? Jibu tunalipata kwa jirani zetu. Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilikuwa kikirekodi ugonjwa huu miaka mingi kabla ya chanjo kuanza. Chanjo ilipoanza mwaka 2011, huko Kilifi walichanjwa hata watoto wakubwa zaidi wa chini ya miaka mitano. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: ugonjwa mkali unaoletwa na aina 10 zilizomo kwenye chanjo yao ulikuwa umepungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Tena liko jambo la pili, ambalo kwetu sisi wa kamati ni kubwa kuliko hilo. Ugonjwa huo ulipungua pia kwa watoto wachanga ambao umri wao wa kuchanjwa haujafika, na kwa watu wazima ambao hawakuchanjwa kabisa. Sababu yake ni rahisi. Mtoto aliyekamilisha chanjo hukibeba kimelea puani kwa nadra zaidi, na asichokibeba hawezi kukipeleka kwa mwenzake. Mtoto wa chumba cha tatu akichanjwa, anamkinga mchanga wa chumba cha kwanza na bibi wa chumba cha sita. Hivyo chanjo si suala la kila familia peke yake. Ni suala la ujirani, na ujirani ndio kazi ya jumuiya zetu.

Hatuna budi pia kusema mipaka yake. Chanjo haizuii vichomi vyote. Zipo aina za nimokokasi zisizomo ndani yake, na wapo virusi na bakteria wengine. Chanjo nyingine zilizomo kwenye kadi nazo husaidia: ile ya sindano moja yenye kinga tano, iliyoanza nchini mwaka 2009, na ile ya surua. Kunyonyesha maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, lishe bora baada ya hapo, na kutoa jiko la moshi nje ya chumba cha kulala, vyote ni kinga.

Yanayotukwamisha

Baada ya kisa cha mtoto yule tulikaa na akina mama katika jumuiya tukawasikiliza, badala ya kuwahubiria. Walitueleza mambo ambayo tulipaswa kuyajua.

Kwanza ni shamba. Familia nyingi za Majengo zina shamba nje ya mji, na mvua zikianza mama huondoka na mtoto mgongoni. Wiki ya 10 na ya 14 zikiangukia palizi, hupita. Pili ni aibu. Aliyechelewa huogopa kusemwa, na aliyepoteza kadi huogopa zaidi. Tatu ni woga wa sindano mbili siku moja, moja kila paja. Nne ni akina baba, ambao wengi wao hawajui hata kama chanjo hii ipo, na ndio wanaotoa nauli. Tano ni zile imani za kimeo na za dawa ya moshi, ambazo zinamchelewesha mtoto na pengine kumwongezea jeraha na kutokwa damu.

Majibu yake mengi ni mepesi. Mtoto aliyechelewa haanzi upya. Huendelea pale alipoishia. Aliyepoteza kadi aende kliniki alikoandikishwa, maana kumbukumbu huwekwa pia kwenye rejesta. Aliyeko shambani anaweza kuchanjwa katika zahanati ya huko, mradi asiache kadi mjini. Kuhusu sindano mbili, mwili wa mtoto hukutana na vijidudu vingi kila siku anapotambaa na kutia vidole mdomoni, na mafunzo mawili kwa siku moja hauyashindwi.

Dalili ambazo kila mjumbe azijue

Kwa kuwa chanjo haizuii vyote, ni lazima tujue kumtambua mgonjwa mapema. Mtoto mwenye kikohozi akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua, tazama saa ya simu, hesabu pumzi kwa dakika moja nzima.

Mtoto wa chini ya miezi miwili: pumzi 60 au zaidi ni hatari.

Miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka: pumzi 50 au zaidi.

Mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka mitano: pumzi 40 au zaidi.

Akifikia hesabu hiyo, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kama kifua kinabonyea ndani, hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amelegea sana au ameshikwa na degedege, aondoke saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Tusinunue vidonge viwili vitatu vya antibiotiki dukani na kungoja. Nusu dozi haimponyi mtoto, bali hukifundisha kimelea kuishi na dawa. Dawa aliyoandikiwa amalize, hata akiwa ameshaanza kucheza.

Tunachoomba

Kwa kamati za parokia tunaomba mambo matatu.

La kwanza: popote mjumbe anapokwenda na daftari la michango, aulize na kadi ya mtoto. Asiulize kama askari. Aombe kuiona kama vile anavyoomba kumpakata mtoto, aangalie kama wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zimejazwa. Iliyobaki wazi, apange na mama siku ya kwenda, na ikiwa aibu ndiyo shida, amsindikize. Kumsindikiza mtu hakuhitaji bajeti.

La pili: kabla ya msimu wa mvua litolewe tangazo kwamba kadi iende shambani pamoja na jembe. Tangazo hilo tuwaombe na ndugu zetu wa msikitini walitoe kwao, kwa sababu kimelea hiki hakiulizi mtoto anasali wapi.

La tatu: akina baba waitwe kwenye mazungumzo haya. Mkutano wa afya ya mtoto usiokuwa na baba ni mkutano wa nusu.

Kwa ninyi wafadhili wetu, tunasema kwanza asanteni. Tunajua ninyi pia mna watu mnaowatolea hesabu, na wangependa kuona picha. Jengo lina picha, kisima kina picha. Mtoto ambaye hakuugua hana picha. Anaonekana tu akicheza barazani kama wengine. Tunaomba mvumilie kazi isiyoonekana: mafuta ya pikipiki kwa huduma za mkoba katika vijiji vilivyo mbali na zahanati, na matengenezo ya majokofu, kwa kuwa chanjo hii hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na ikiganda huharibika. Mwezi Juni 2025 Serikali ya Marekani ilitangaza kuwa haitaendelea kuichangia Gavi. Hatusemi hili kwa kulaumu. Tunasema ili tukumbuke kwamba kilichokuja kwa msaada kinaweza kutikisika, na kwamba sehemu inayotutegemea sisi, yaani kumfikisha mtoto kliniki mara tatu, tusiiache itikiswe na uvivu wetu.

Hitimisho

Mtoto yule wa kisa chetu baadaye alipelekwa kliniki. Bibi yake ndiye aliyembeba, na safari hii mjumbe mmoja wa kamati aliongozana nao. Muuguzi aliisoma kadi, akampa alichostahili kwa umri wake, akajaza tarehe, na hakuna aliyegombezwa. Ilichukua asubuhi moja tu.

Tulipotoka pale tuliulizana: asubuhi hiyo moja ilitushinda nini miezi minne nyuma? Hatukupata jibu la kutosha. Tunawaachia nanyi swali hilo mrudi nalo majumbani. Kila mmoja wetu anayo nyumba yenye mtoto mchanga jirani yake. Kabla ya wiki hii kwisha, apige hodi, aombe kuiona kadi.